Kiti cha Mpiga Drams

Juzi, wakati wa mapumziko ghalani, Mkenya ninayepanga naye mizigo aliniletea simu yake mpaka usoni. Hapa Freezone ya uwanja wa ndege wa Dubai ukitamka jambo mara moja kila mtu analo, na mimi nilikuwa nimetamka kwamba niliwahi kupiga muziki na Mwingereza aliyeanza jazi kabla wazazi wetu hawajaoana. Kijana alikuwa amemtafuta mtandaoni akampata. Mistari michache tu, picha hakuna.

"Si ni huyu buda wako?" akasema. "Wameandika hapa ati ni mpiga drams hajulikani sana. Kumbe hata si seleb!"

Nilimrudishia simu yake kabla sijaitupa. Hajulikani sana na nani? Mimi nilikaa karibu naye jukwaani kiasi cha kunusa sabuni aliyoogea, Ijumaa baada ya Ijumaa, kwenye hoteli moja pale Marina. Najua alivyovuta pumzi kabla ya kuanza wimbo. Najua goti lipi lilimuuma. Aliyeandika ile mistari hakuwepo. Mimi nilikuwepo, kwa hiyo nitasema, na asiyependa aendelee kupanga maboksi.

Natoka Morogoro. Gita la besi nilifundishwa na mjomba wangu, aliyekuwa na bendi ya dansi na hasira za karibu. Kwenye bendi zetu mwanamke aliimba, au alikata mauno mbele ya jukwaa. Mimi nilitaka lile gita la nyuzi nne, nikalishika, na tangu siku hiyo nimeambiwa "weka chini" kwa lugha nyingi. Dubai nililetwa na wakala niimbe. Mpiga besi wa hoteli alipoacha kazi ghafla, nilibeba gita lake bila kumwomba mtu ruhusa, na kabla mwenye kusema hajasema, wimbo ulikuwa umekwisha na wageni wanapiga makofi.

Tulikuwa watatu: Mfilipino kwenye kinanda, Mzee kwenye drams, na mimi. Kazi yetu kubwa ilikuwa ile brunch ya Ijumaa. Kuanzia saa sita mchana wageni wanalipa mara moja, kisha wanakula kaa na kunywa mpaka alasiri, na jazi inawekwa pembeni ili waone kwamba wanastarehe kistaarabu. Mzee alikuwa na miaka sabini na kitu. Kila mwaka hoteli ilihangaika kumwombea kibali kwa sababu ya umri, na kila mwaka kikapatikana.

Siku yangu ya kwanza kupiga naye nilifanya kosa ambalo mtu wa dansi tu ndiye angelifanya. Kwetu, mpiga drams ndiye anayefungua mlango. Wimbo unakwenda taratibu, mwimbaji anamaliza kisa chake, halafu drams zinapiga mfululizo mkali na wote mnaingia kwenye sebene, pale muziki unapochemka na watu wanaacha viti. Mtoto aliyelelewa na dansi hilo hafundishwi. Sasa tuko katikati ya wimbo wa mapenzi wa polepole, wazee wa watu wanakata samaki wao, Mzee akaweka chini brashi moja ya waya, akachukua fimbo na kupiga, "tararata-pa!" Lilikuwa pambo lake tu la kufungia ubeti. Mkono wangu haukuniuliza. Nikaingia sebene, zima zima.

Mfilipino aliacha kinanda mdomo wazi. Nilijua papo hapo kwamba nimeharibu, lakini sebene ukishaianza ni kama chafya, huwezi kuirudisha. Wapiga drams wengi niliowajua wangenyamaza ili aibu iwe yangu peke yangu. Mzee alinitazama, uso wote ukacheka, akatupa brashi iliyobaki, akashika fimbo mbili na kunifuata. Hakuwahi kuisikia sebene maishani mwake, naapa, lakini alinifuata kama mtu aliyeitwa chakulani. Mama mmoja mwenye kofia aliinuka na kucheza, kitambaa cha mezani kikiwa bado mkononi.

"Ulitupeleka wapi kule?" aliniuliza tulipomaliza.

"Kwetu," nikamjibu.

"Ijumaa ijayo tupeleke tena," akasema. "Ila unikonyeze kwanza."

Tangu hapo akawa Mzee wangu, na mimi nikawa yule anayemkonyeza.

Ramadhani ikifika, siku hizo, muziki wa mahotelini ulinyamazishwa mji mzima, na wanamuziki tulibaki kunyoosha nguo. Mzee hakuweza kukaa bila kupiga. Alianza kuja mtaa wa Al Twar, nilikopanga chumba cha uani kwenye nyumba ya familia ya Kizanzibari, na brashi zake za waya kwenye mfuko wa koti, tufanye mazoezi juu ya mto wa kulalia. Mama mwenye nyumba alizaliwa Unguja, akaletwa Ghuba bi harusi, akazeekea huku, lakini Kiunguja chake hakikupungua hata herufi. Alimwona Mzee mlangoni siku ya kwanza akaniita jikoni.

"Mwanamme haingii chumba cha mwanamke nyumbani kwangu, hata awe na mvi za sufi. Mweke barazani hapo, nimuone."

Basi tukafanya mazoezi barazani, Mzee anapapasa mto kwa brashi, mimi na gita lisilounganishwa na umeme, na yeye Mama anakuna nazi huku anatuangalia. Siku moja adhana ya magharibi ilipokwisha akatoka na sinia.

"Mwambie bwana aje ale. Atakaaje hapo anapiga mto na watu wanafuturu?"

Mzee alikaa mkekani kwa shida, goti likilalamika, akaletewa muhogo wa nazi na uji wa pilipili manga. Mama alimwacha ale kidogo, kisha akaanza.

"Kazi yake nini hasa huyu?"

"Anapiga drams, mama."

"Hiyo naiona. Tokea lini?"

Nikamtafsiria Mzee, na Mzee akaweka bakuli chini. Nilimjua kwa miaka, lakini kisa chake chote kwa mpangilio nilikisikia siku ile, kwa sababu Mama aliuliza na mimi sikuwahi kuuliza.

Alizaliwa kaskazini mwa Uingereza, mji wa viwanda vya sufi. Baba yake alifuma vitambaa kiwandani, na siku za sherehe alibeba lile goma kubwa kwenye bendi ya matarumbeta ya kiwanda. Mtoto naye alipelekwa kiwandani akajifunze kazi. Mashine zilikuwa zinagonga kila moja kwa mwendo wake, na yeye akasimama katikati kusikiliza jinsi zinavyopishana na kukutana, mpaka msimamizi akamfokea. Hakumaliza wiki. Alipanda treni kwenda London, ngoma moja ndogo magotini.

London alipiga kwenye vilabu vya chini ya ardhi, moshi mtupu. Lakini jazi ilikuwa ya Wamarekani weusi, na yeye alitaka kuisikia kwa wenyewe. Nauli hakuwa nayo. Akatafuta kazi kwenye meli ya abiria iliyokwenda New York, akawapigia matajiri nyimbo za kuchezea shavu kwa shavu safari nzima, ili meli ikifunga gati ateremke akasikilize. Walikuwa wengi waliofanya hivyo, alisema. Bendi nzima ilishuka ngazi mbio kabla ya abiria.

"Alikwenda chuo kwa meli," Mama akasema, na akamwongeza muhogo.

Halafu vijana wakaja na magita yao ya kelele, vilabu vya jazi vikafungwa kimoja kimoja. Mzee akaingia studio. Alipigia matangazo ya sabuni na biskuti, alipigia filamu, alipigia waimbaji ambao sura zao zilibandikwa kila ukuta. Unaingia asubuhi, unapiga kilichoandikwa, unakwenda zako. Jina la mwimbaji linakaa kwenye santuri, lako halipo. Mara moja tu yeye na wenzake walitoa santuri yao wenyewe. Jaladani wakaweka picha ya mpiga saksofoni, kampuni ikafa kabla santuri hazijafika madukani, na maboksi yakaozea kwa dada yake. Baadaye alipiga kwenye baa za Jumapili, watu wanazungumza mpira. Ndipo akaja huku.

Mama alikuwa ameacha kula. "Muulize, hakuudhika?"

Nikamuuliza.

"Niliudhika sana," Mzee akasema. "Naudhika mpaka leo. Ila niliudhika huku napiga."

Nilipomtafsiria, Mama alicheka kwa sauti mpaka akaziba mdomo kwa mtandio.

"Mkaidi huyu! Mtilie uji."

Idi ilipopita tulirudi hotelini tukakuta meneja mpya wa chakula na vinywaji. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye kutembea na kipimo cha sauti mkononi, kidude chenye namba zinazopanda na kushuka. Alikishika mbele ya drams tukiwa tunapiga, mbele ya watu, kama daktari anayempima mgonjwa mkaidi. Wageni wanataka kuzungumza, alisema. Fimbo zikapigwa marufuku, zikabaki brashi. Mzee akasema sawa. Baada ya muda likaondolewa toazi kubwa, kwa kuwa lilimkera mgeni mmoja wa meza ya karibu.

Hapo mimi nilichemka. Nilianza kusema, Mzee akaniwekea mkono begani, akalifungua toazi mwenyewe na kumkabidhi meneja.

"Chukua," akamwambia. "Mimi si hilo toazi."

Na Ijumaa ile alipiga vizuri hata nikasahau kwamba toazi liliwahi kuwepo. Kisha ngoma nyingine zikaondoka moja moja, hata ile ya mguuni. Akabaki na ngoma moja ndogo na miguu yake ikigonga mbao za jukwaa. Kila walichomnyang'anya aliwapa bila kubembeleza, na kila alipowapa alipiga vizuri zaidi, na meneja alizidi kumchukia kwa hilo. Ningependa kusema wageni waliona. Wachache waliona. Wengine walikuwa kwenye foleni ya kaa.

Alhamisi moja meneja alituita ofisini. Kuanzia kesho, alisema, drams zitatoka kwenye kompyuta. Kazi ya Mfilipino ni kubonyeza tu. Mimi na yeye tunabaki. Mzee atalipwa mpaka kibali chake kiishe mwisho wa mwezi, na safari hii hoteli haitakiomba tena, kwa hiyo kesho anaweza kupumzika nyumbani.

"Khalas, yamekwisha," meneja akamalizia, akafunga faili.

Nje, kwenye korido ya wafanyakazi, nilisema akienda yeye na mimi naenda. Nilidhani atafurahi. Mzee alinigeukia na macho ambayo sikuwahi kuyaona.

"Usinifanye mimi sababu," akasema. "Una mtoto anasoma Morogoro. Ukiacha, acha kwa ajili yako."

"Na wewe utafanya nini?"

"Nitakuja kesho."

"Wamekuambia usije."

"Sikiliza," akasema, kwa sauti ndogo yenye hasira. "Meli iliuzwa, tukashushwa. Studio ilifungwa, tukatolewa. Klabu niliyoipenda kuliko zote wameigeuza duka la viatu. Maisha yangu yote watu wengine ndio wanaosema sasa basi. Hii ya mwisho naifunga mwenyewe, nikiwa nimekaa kitini pangu. Nikimaliza nitajua."

Nililala nikiogopa, sioni haya kusema. Kibali changu kilikuwa mikononi mwa hoteli ile ile. Huku kafeel, yaani mdhamini wa kibali chako, akikuachia mkono, unahesabiwa siku za kukaa na unafungasha. Lakini asubuhi nilipiga pasi gauni langu jeusi vizuri kuliko siku zote.

Mzee alikuja amevaa suti, tai na viatu vilivyong'arishwa. Jukwaani ile ngoma ndogo haikuwepo, wameifungia stoo. Mahali pake palikuwa na kompyuta juu ya kistendi. Mzee alikisogeza kistendi pembeni taratibu, kama unavyomsogeza paka wa watu, akavuta kiti cha wageni, akakaa. Akatoa brashi mfukoni. Akaangalia huku na huku, hana cha kupigia.

Mimi nilishuka jukwaani nikaenda jikoni. Mlangoni palikuwa na boksi gumu lililokuja na ndimu, tupu. Mpishi mkuu aliuliza nalipeleka wapi. Nililipitisha boksi lile katikati ya ukumbi, kati ya vipande vya barafu vilivyochongwa samaki na wageni waliovaa kitani, nikaliweka magotini kwa Mzee.

"Hili litatosha," akasema.

Mfilipino alikuwa anatoka jasho. "Dada, mimi lazima nibonyeze," aliniambia. "Nina watoto watatu."

"Bonyeza," nikamwambia, na sikumlaumu.

Akabonyeza. Drams za kompyuta zikaanza, safi, sawasawa, zisizo na kosa wala mtu. Mzee akaanza kupapasa boksi. Hakushindana nazo. Alikaa nyuma yake kidogo tu, bila haraka, na muda si mrefu kompyuta ikawa kama mgeni aliyefika kabla chakula hakijaiva, haijui iketi wapi. Mimi nikamfuata Mzee. Wimbo haujafika nusu, Mfilipino alinyoosha kidole akaizima mwenyewe. Hakunitazama. Aliinama tu juu ya kinanda na kupiga vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia.

Meneja alitokea upande wa bufee, mkono ukikata shingo, acheni, acheni. Nilimtazama machoni na sikuacha. Mwanamke anayeambiwa aweke gita chini tangu utotoni anazoea mkono wa aina hiyo. Alisogea hadi mbele ya jukwaa, akanong'ona, akatabasamu kwa ajili ya wageni, akanong'ona tena. Angemvuta mzee wa miaka ile kutoka kitini mbele ya watu wanaokula? Hakuthubutu. Akabaki amesimama na kipimo chake, na nadhani hata namba hazikupanda, maana boksi la ndimu halina kelele. Tukapiga wimbo baada ya wimbo. Nilimkonyeza, tukaenda sebene, boksi likacheka kabisa. Mchana ule nilikuwa na furaha, na hasira, na hofu, vyote kwa pamoja, na vidole vyangu havikukosa.

Karibu na alasiri tukapiga wimbo mmoja wa polepole sana. Mwishoni Mzee alizungusha brashi juu ya karatasi ile ngumu, duara moja refu, akainyanyua. Hakuongeza kitu. Aliliweka boksi chini, akazikunja brashi, akazirudisha mfukoni na kufunga vifungo vya koti. Watu wakapiga makofi, si wengi, lakini walioyapiga waliyapiga kweli.

Na hapo ndipo ikatokea. Kwenye meza kubwa ya katikati, kwa kina fulani waliokuwa wakishangilia tangu mchana, keki ililetwa imewashwa mishumaa. Brunch zote zilikuwa na hilo. Wakapiga kelele wapigiwe wimbo wa siku ya kuzaliwa. Mmoja akamwelekezea Mzee kidole: yule, yule babu wa boksi!

Meneja alikuja mbio, uso mpya kabisa. "Sir," akamwambia Mzee, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Yalla, tafadhali. Mmoja tu. Ni birthday."

Mzee alikuwa ameshasimama. Alimtazama bila chuki hata kidogo.

"Tangu ulipofika umetaka ninyamaze," akasema. "Sasa nimenyamaza."

Meneja akanigeukia mimi. Nilichomoa waya wa gita langu. Sikumfanya Mzee sababu. Niliuchomoa kwa kuwa nilitaka kuuchomoa. Basi meneja akapanda jukwaani mwenyewe akabonyeza kompyuta, na ikatoka mwendo wa kasi wa wimbo mwingine kabisa, na wale watu wakaimba wakiikimbiza, wanacheka, mishumaa inadondokea keki.

Wafanyakazi tulitakiwa kutokea nyuma, kwenye mapipa. Mzee alielekea mlango wa mbele, na mimi nikamfuata na gita begani, mpaka nje kwenye jua, magari ya wageni yakisubiri. Nilimuuliza tutapiga wapi tena.

"Wewe utatafuta pa kupiga," akasema. "Mimi nimeshafunga."

Jumamosi hoteli ilinifutia kibali, na baada ya kuhangaika nikapata kafeel mwingine, huyu wa ghala. Mzee alirudi kwao kabla mwezi haujaisha. Dada yake alimtafutia drams mahali, akakataa hata kuzigusa. Hakupiga tena mpaka alipofariki, na hakuna mtu aliyemwachisha.